Rali ya picha kwa vijana 28 katikati ya Lubumbashi: naomba mawazo kabla sijachapisha orodha

Dada wa Kamalondo

Jambo sana wandugu.

Kikundi chetu cha vijana wa parokia kina watu 28, wa miaka 14 hadi 19. Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, tunataka kuwapangia rali ya picha: wanagawanyika katika timu, kila timu inapewa orodha, wanatembea mjini wakitafuta vilivyoandikwa na kuvipiga picha, halafu wanarudi tunahesabu pointi. Siku ni Jumamosi alasiri. Tutaanzia na kumalizia kwenye ukumbi tulioazimwa, karibu na katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo.

Tulichonacho: simu 9 zenye kamera ya kufaa, kompyuta moja ya mkononi, watu wazima 5 pamoja nami, na fedha za mikate, chai na zawadi ndogo. Kijana mmoja anatembea kwa magongo, na sitaki abaki ukumbini akitunza mifuko ya wenzake.

Orodha niliyoanza nayo ni hii: kitu cha zamani, kitu cha kuchekesha, maua ya jacaranda, jengo la 30 Juin, mama anayeuza nyanya, polisi wa barabarani, shaba, herufi L, mtu mwenye jezi ya Mazembe, timu nzima ikiruka juu. Nilitaka ifike 30. Nilifikiri pia kufungua grupu la WhatsApp, kila timu itume picha zake humo papo hapo.

Naona bado haijakaa sawa. Muda uwe kiasi gani, timu ngapi, orodha iandikwe vipi tusigombane wakati wa kuhesabu, na tuwazuie vipi wasitumie picha za zamani walizonazo kwenye simu?

Baba Katuba

Dada, anza na mguu, orodha itafuata. Muda, ukubwa wa eneo na idadi ya maagizo vyote vinatoka kwenye mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote.

Chukua dakika 90 za mchezo. Karibu nusu yake watakuwa wanatembea, nusu nyingine wanatafuta, wanabishana, wanajipanga na kupiga. Kwa hiyo una dakika 45 za mguu. Vijana wazima wanne wakiwa pamoja, na vivuko vya barabara vya mjini, watakwenda kama kilomita 3 kwa muda huo. Mwenye magongo pengine kilomita 2 au pungufu, na muulize mwenyewe, usimkisie. Weka mpaka kwa kipimo chake: hakuna agizo lililo mbali zaidi ya mita 600 kutoka ukumbini. Mpaka huo uwe wa timu zote, si wa timu yake peke yake, na utaje kwa majina ya avenyu nne zinazofunga eneo. Chora kiramani nyuma ya karatasi ya orodha. Kijana anayesoma "msiende mbali" ataelewa anavyotaka.

Dakika 45 zinazobaki, ukigawa kwa dakika 3 kwa kila agizo, ni maagizo 15 au 16. Orodha ya 30 itawafanya wakimbie, na anayekimbia na simu mkononi haangalii magari. Fanya 16: manane ya pointi 5, matano ya pointi 10, matatu ya pointi 20. Jumla ni pointi 150. Yale ya pointi 20 yawe magumu kwa kichwa, yasiwe magumu kwa miguu. Na maagizo mawili matatu yapatikane ndani ya ua wa ukumbi kwenyewe.

Timu 7 za watu wanne. Wakiwa watatu, mmoja anapiga na wanabaki wawili kwenye picha. Wakiwa sita, wawili watakuwa wanafuata tu nyuma. Wanne ni salama pia: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kuita mkubwa. Changanya umri, timu isiwe ya watoto wa miaka 14 watupu. Simu moja kwa timu ndiyo ya mchezo. Mbili zinazobaki uzishike wewe kama akiba. Anayepiga abadilike kila baada ya maagizo manne, la sivyo mwenye simu hataonekana kwenye picha hata moja.

Timu zisifuatane. Orodha ikianza na 1 kwa wote, utaona timu saba zimesimama mbele ya mlango mmoja. Timu A ianze na agizo la 1, B la 3, C la 5, hivyo hivyo hadi G inayoanza na la 13. Wafuate mpangilio kwa maagizo manne ya kwanza, baada ya hapo wachague wenyewe.

Kuchelewa: kata pointi 1 kwa kila dakika katika dakika 5 za kwanza, kisha pointi 5 kwa kila dakika. Usiweke sheria ya "mkichelewa mnapata sifuri". Timu iliyobakiwa na dakika mbili na kuogopa sifuri itavuka barabara bila kutazama. Ikipita robo saa haijarudi, mtu mzima atoke kuitafuta.

Ratiba: 13:45 kukusanyika, 14:00 maelezo, 14:20 kuondoka, 15:50 kurudi, 17:00 zawadi na kutawanyika. Mwezi wa saba jua linazama karibu na 18:00 na watoto wa komini za Ruashi na Katuba wana safari bado. Kwenye karatasi andika saa kwa tarakimu hivyo hivyo, kwa sababu ukiandika "saa tisa na dakika hamsini" mmoja atahesabu Kiswahili na mwingine Kifaransa.

Njia yote itembee mwenyewe kwanza, siku hiyo hiyo ya wiki na saa hiyo hiyo. Ukitumia dakika 60 ukiwa unajua majibu, wao watahitaji 90.

Mwalimu wa Kampemba

Nimesoma orodha yako, dada. Ugomvi wa kuhesabu pointi huzaliwa kwenye sentensi ya agizo. Mwamuzi anatakiwa aangalie picha na kusema ndiyo au hapana bila kuuliza mtu. Ikiwa lazima aulize "mlimaanisha nini?", agizo lilikuwa bovu tangu mwanzo, na timu ina haki ya kulalamika.

Kila agizo liseme kitu chenyewe, nini kisomeke au kionekane wazi, na nani awe ndani ya picha.

"Kitu cha zamani" watakuletea kiatu kilichochakaa. Andika: "Mwaka wowote kabla ya 1966 ulioandikwa, kuchongwa au kupigwa chapa juu ya ukuta, jiwe au chuma. Tarakimu nne zisomeke." Mwaka huo si wa kubahatisha: mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville na ukaitwa Lubumbashi 1966. Ukiwaeleza hilo kabla hawajaondoka, agizo lina maana kwao.

"Kitu cha kuchekesha" kifute. Hakuna awezaye kukiamua.

Maua ya jacaranda mwezi wa saba hayapo. Yanatoka Septemba na Oktoba. Julai utakuta matawi na maganda. Basi omba ganda: lile la mviringo, bapa, gumu kama mti, lenye ukingo uliojikunja kidogo na mpasuko pembeni ambako mbegu zimetokea. "Ganda moja la jacaranda kwenye kiganja kilichofunguliwa, mpasuko uonekane." Ni la pointi 10, maana wengi wamepita juu ya maganda hayo miaka yote bila kuyaokota. Kwa sababu hiyo hiyo ya majira usiombe embe.

"Shaba" ni pana mno. Andika umbo la msalaba wa shaba wa Katanga, ile krwazeti, popote lilipochorwa, kufinyangwa au kushonwa, isipokuwa juu ya nguo ya mtu. Hapo wataanza kutazama milango, mageti, mabango na vibao vya maduka.

"Herufi L" ni nzuri, ila sema isiwe imeandikwa. Waitafute katika vitu: pembe ya dirisha, bomba la maji, kivuli. Pointi 10.

"Jezi ya Mazembe" ni rahisi sana mjini kwetu. Ipandishe: mtu wa Mazembe mwenye nyeusi na nyeupe na mtu wa Lupopo, timu yetu nyingine ya mpira, mwenye njano na buluu, wamepeana mkono, picha moja, wote wawili wamekubali. Pointi 20. Angalia tu ratiba ya ligi isiwe siku ya dabi.

"Kuruka juu" kunamwacha mmoja nje. Badilisha: "Miili ya timu iandike tarakimu 10" au "Timu nzima ijifiche nyuma ya kitu kimoja, vidole tu vionekane." Kila mtu anaweza.

Ongeza maagizo manne ya picha za karibu. Siku tatu au nne kabla, pita ukapige vipande vya vitu vilivyomo ndani ya mpaka: tundu la ufunguo la geti, mpangilio wa matofali, kona ya herufi kwenye bango, mfuniko wa mfereji. Wao watafute kitu kizima na kukipiga. Usivipige mwezi mmoja kabla, kuta zinapakwa rangi na mabango yanabadilishwa. Na kama unatoa fotokopi ya nyeusi na nyeupe, chagua vitu vinavyojulikana kwa umbo. Ukuta wa kijani na ukuta mwekundu vikipita kwenye fotokopi vinatoka kijivu kimoja. Toa nakala moja ya majaribio, umpe mtu asiyejua jibu akuambie anaona nini.

La mwisho, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tafuta picha ya zamani ya katedrali, toka postikadi au albamu ya familia, uichapishe ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, nakala 7. Agizo: "Simameni pale aliposimama mpiga picha wa zamani. Shikeni picha kwa mkono ulionyooka, mstari wa paa la kwenye karatasi uungane na mstari wa paa la kweli." Watasogea hatua mbili nyuma, moja kushoto, mmoja atachuchumaa, mpaka ghafla mistari ikutane. Wakati huo wanautazama mji wao kwa namna ambayo hotuba haiwezi kuwafanyia. Kigezo cha mwamuzi: paa liungane upande mmoja angalau. Pointi 20.

Fundi Simu Bel-Air

Dada, swali la picha za zamani na la WhatsApp yana jibu moja: kibao.

Kata kadibodi ya katoni ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4. Gundisha karatasi nyeupe, andika kwa kalamu nene nyeusi herufi ya timu na neno la siri ambalo unalitaja pale tu wanapoondoka. Kila timu na neno lake. Chini yake acha nafasi ya namba ya agizo. Namba ziandikwe kwenye vikaratasi 16 vinavyoshikwa na kibanio cha nguo. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 5 au 6 ili zisomeke hata watu wakiwa hatua nane kutoka kwenye kamera. Usifunike kibao kwa plastiki, jua likipiga kinang'aa na maandishi yanapotea. Picha isiyo na kibao haihesabiwi. Hapo picha ya zamani haina njia, na wewe unapopanga picha unajua hii ni ya nani na ni ya agizo lipi.

Angalia jambo hili dogo: kamera ya mbele kwenye simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, na kibao kinasomeka kinyumenyume. Ama wazime kugeuza huko kwenye mipangilio, ama watumie kamera ya nyuma tu. Ya nyuma ni bora kwa vyovyote.

Grupu la WhatsApp achana nalo. Timu ya kwanza ikituma msalaba wa shaba, timu sita nyingine zinaona ukuta ule na zinakwenda palepale. Kama ni lazima kutuma, kila timu imtumie mwamuzi peke yake. Ujue pia kwamba picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza ukubwa na kuondoa taarifa za ndani, pamoja na saa iliyopigwa. Ikitumwa kama dokumenti inabaki nzima, ila inakula mega: picha moja ya simu ya siku hizi ni kama MB 3 hadi 5. Mara 16, mara timu 7, unakaribia MB 450. Nani atalipa?

Mimi ningechukua picha kwa kebo. Timu ikirudi, simu inaingia kwenye kompyuta, folda moja kwa kila timu. Siku moja kabla, unganisha kila simu uone kama kompyuta inaisoma. Kwa Android mwenye simu lazima aguse ujumbe wa USB na kuchagua kuhamisha faili, la sivyo utaona folda tupu. Kebo: Type-C mbili, micro-USB moja, ya iPhone moja kama ipo. iPhone iwekwe Réglages, Appareil photo, Formats, Le plus compatible, maana bila hivyo inatoa faili za HEIC ambazo kompyuta nyingi hazifungui. Kompyuta iwe na chaji kamili, usitegemee umeme wa ukumbini.

Saa za simu hazilingani. Kwa hiyo picha ya kwanza ya kila timu iwe ya saa ya mkononi ya mwamuzi, mlangoni, na ya mwisho iwe ya saa hiyo hiyo wakirudi. Simu ikiwa dakika sita nyuma, unajua tofauti na hakuna wa kulalamika.

Kabla ya kuondoka kagua: chaji 80% kwenda juu, GB 1 ya nafasi tupu, lenzi imefutwa. Kiangazi chetu ni vumbi, na alama ya kidole iliyoshika vumbi inafanya picha nzima ionekane kama ina moshi. Kila timu ipewe kipande cha fulana kuukuu, pamba tupu. Flash izimwe.

Kuhusu jua: Lubumbashi iko kusini ya Ikweta, na mwezi wa saba jua linapita upande wa kaskazini wa anga kutwa nzima. Ukuta unaotazama kusini hauguswi na jua hata dakika moja. Timu ikisimama mbele ya ukuta huo na anga nyeupe ikiwa nyuma yao, nyuso zitatoka nyeusi. Wafundishe jambo moja tu: gusa kwa kidole uso wa mtu kwenye kioo cha simu, subiri picha ing'ae, ndipo upige. Kwa agizo la postikadi ni kinyume: gusa jengo, siyo karatasi. Wakikuza picha kwa vidole itaharibika, afadhali wasogee. Ila kwa vitu vidogo wasisogee mno. Simu nyingi hazioni vizuri karibu zaidi ya sentimita 8 au 10. Ganda la jacaranda liwe umbali wa kitabu kilichofunguliwa.

Mama wa Kenya

Wandugu, mimi wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi naona mmeeleza vizuri, ila hakuna aliyegusa maagizo mawili ya hatari kwenye orodha ya dada. Polisi wa barabarani na jengo la 30 Juin yaondoke kabisa. Jengo hilo ni zuri, lilijengwa kuwa ukumbi wa tamthilia, lakini ndipo bunge la jimbo linapokaa. Hapa kwetu usimpeleke kijana na simu mbele ya mtu mwenye sare, kambi, ofisi ya serikali, benki, uwanja wa ndege, wala uzio wa mgodi. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na ule mlima mweusi wa taka za shaba vinaonekana toka mbali. Kama vinaonekana kutoka ndani ya mpaka wako, andika "kutoka mbali", vinginevyo acha.

Barua. Iandikwe na kikundi, ipigwe muhuri wa parokia, nakala ipelekwe komini na kwa shefu wa kartye (mtaa) wiki moja kabla, nakala iliyopokelewa irudi na muhuri wao. Ndani yake: jina la kikundi, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, avenyu zinazofunga eneo, idadi ya vijana, jina na namba ya anayewajibika. Kila timu itembee na nakala. Wakisimamishwa: simu mfukoni, barua mkononi, wakupigie wewe. Wasibishane, wasikimbie. Wakiambiwa wafute picha, waifute mbele yake, na timu isipoteze pointi za agizo hilo. Sheria hii ya mwisho itangaze kwa sauti, maana kijana anayeogopa kupoteza pointi ndiye anayebishana.

Mama wa nyanya yeye abaki, ila agizo libadilike. Uso wa mtu si wa kuchukua hivi hivi, na yeye yuko kazini. Waombe mikono: "Mikono ya mama akipanga fungu la nyanya, uso usionekane." Ni picha nzuri kuliko ya uso. Vidole vinaweka tatu chini, moja juu, ile yenye jeraha inageuzwa ndani. Wafundishe na namna ya kuomba: "Jambo mama, tuko kikundi cha parokia, tuna mchezo wa picha. Tunaomba tupige mikono yako tu ukipanga nyanya." Akikataa, wanashukuru na kwenda kwa mwingine. Akidai pesa, vilevile. Na timu zisimjie mama mmoja zote saba. Mtu aliyeombwa mara ya saba ana haki ya kukasirika. Andika "kila timu na mama wake", au weka agizo hilo kwenye eneo lenye wauzaji wengi.

Simu iwe na kamba ya shingoni, utepe wa kitenge unatosha. Hakuna kupanda manseba (pikipiki za abiria) wala teksi. Timu itakayopanda inaondolewa. Hakuna kukimbia, na hiyo inamlinda kijana wetu wa magongo asihisi kwamba anawachelewesha wenzake.

Watu wazima watano nisingewatembeza na timu, watachoka na vijana watawategemea. Mmoja ukumbini, watatu kwenye vituo, mmoja anazunguka. Kila timu ipite kila kituo mara moja na kusainiwa karatasi. Hapo unajua waliko, na kituo ndiyo mahali pa maji. Kituo kimoja kiwe na kiti.

Dada wa Kamalondo

Aksanti sana. Nimeandika upya yote: maagizo 16, mita 600, vibao, kebo, vituo vitatu. Mwenye magongo nimemuuliza kama Baba Katuba alivyosema. Amesema mita 600 si shida, shida ni ngazi na mchanga mwingi, basi nimeondoa sehemu mbili. Barua napeleka Jumatatu.

Yamebaki mawili. Waamuzi ni wawili na picha zitakuwa 112; vijana watakaa muda gani wakisubiri? Na je, naweza kuweka picha kwenye ukurasa wetu wa Facebook?

Baba Katuba

Hesabu sekunde 20 kwa picha: ni dakika 37 kwa mwamuzi mmoja, chini ya 20 kwa wawili. Usigawe kwa timu, gawa kwa agizo. Mwamuzi wa kwanza aone agizo la 1 hadi la 8 la timu zote, wa pili la 9 hadi la 16. Mtu mmoja akiamua msalaba wa shaba wa timu zote saba, kipimo chake ni kimoja. Weka dakika 10 za timu kuchagua picha moja kwa kila agizo kabla ya kutoa simu, na dakika hizo ziwe baada ya saa ya mwisho kupigwa. Chai na mikate itoke wakati huo huo. Pointi zikilingana, anayeshinda ni aliyefanya maagizo mengi ya pointi 20. Sheria hiyo iandike kwenye orodha kabla, usiitunge pale.

Mama wa Kenya

Kuhusu Facebook: wazazi wa wenye umri chini ya miaka 18 watie sahihi kabla, karatasi yenye maswali mawili tofauti, moja kushiriki, la pili picha kuwekwa mtandaoni. Mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili, na mtoto asizuiwe kucheza kwa hilo. Wasioruhusiwa wavae utepe mwekundu mkononi, ili unapochagua picha usiku huo usilazimike kukumbuka majina. Picha za wapita njia, hata waliokubali kupigwa, usiziweke. Walikubali mchezo, hawakukubali mtandao. Za mikono, maganda, kuta na vivuli zinatosha, na nyingi zitakuwa ndizo nzuri zaidi.

Fundi Simu Bel-Air

Kwa zawadi ya pili, ya picha bora: chagua moja, ichapishwe nakala nne za sentimita 10 kwa 15, kila mmoja wa timu apate yake. Kata kwa uwiano wa 2 kwa 3 kabla ya kupeleka studio, kwa sababu simu nyingi hupiga 3 kwa 4 na mashine itakata juu na chini yenyewe. Kwa kawaida kinachokatwa ni kichwa cha aliyesimama nyuma.